Ikisiri yangu imekataliwa. Niende kongamanoni au nibaki?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari kaunti ya Kilifi, na wakati wa likizo nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni wa msamiati wa wavuvi. Kila nikipata nafasi hukaa na wazee wa Takaungu, Mayungu na Ngomeni, nikiandika majina ya samaki, ya mitego, ya pepo na ya maji: lema, jarife, juya, maleleji, bamvua, maji mafu. Mengi ya maneno haya vijana wenye boti za mashine hawayajui tena. Orodha yangu imepita maneno mia mbili, na kila neno lina umri wa aliyenipa na ufuo wake.

Ulipotoka mwito wa kongamano la kimataifa la Kiswahili litakalofanyika Dar es Salaam mwezi Julai, nilituma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya maneno 300 yenye kichwa "Lugha ya Wavuvi wa Pwani ya Kenya: Changamoto na Mustakabali". Juzi nimepata barua pepe fupi. Wanasema wamepokea ikisiri nyingi, yangu haikuchaguliwa, na wananikaribisha nihudhurie kama mshiriki asiyewasilisha. Sababu hawakutaja.

Tatizo ni kwamba mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza gwarideni kuwa mwalimu wao anakwenda Tanzania kuwasilisha makala, na bodi ilikubali kunilipia nauli. Sasa anasema nauli ilikuwa ya mwasilishaji, msikilizaji ajigharamie. Nimepiga hesabu: ada ya kongamano dola 80, yaani kama shilingi 10,300, nauli ya kwenda na kurudi 7,000, nyumba ya wageni usiku nne, 14,000, chakula na usafiri wa mjini 6,700. Jumla 38,000. Mkononi ninazo 15,000. Zilizobaki ningekopa kwenye chama chetu cha akina mama, na Septemba nina karo ya chuo. Ada ya mapema inafungwa baada ya wiki mbili, kisha inapanda.

Kuna jambo jingine, na hili naona haya kuliandika. Rafiki yangu tunayesoma naye amekubaliwa. Mada yake ni tofauti na yangu, lakini ikisiri yake mimi ndiye niliyemsaidia kuinyoosha. Amenipigia simu kwa furaha, anataka twende pamoja tugawane chumba. Nampenda kwa dhati. Ila nikifikiria kukaa ukumbini nikimpigia makofi, tumbo linanikaza. Nikibaki ataona nina wivu. Nikienda nitavaa beji isiyo na neno "mwasilishaji" mbele ya watu wanaojua kuwa nilituma ikisiri.

Msimamizi wangu aliwahi kusema mwanafunzi asiyewasilisha makala hupata shida kuhitimu. Mume wangu anasema pesa hizo tuezekee jiko. Mama yangu anasema mtu haendi kwenye arusi ya aliyemkataa posa. Nami kila usiku nabadili uamuzi. Nishauri.

Mwalimu, Kilifi

*

Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Umekaa na wazee ufuoni, umeandika neno kwa neno, kisha kazi hiyo ikajibiwa kwa mistari michache isiyo na sababu. Tumbo kukaza ni haki yako.

Nikikuelewa vyema, safari hii uliipanga juu ya dakika zisizozidi ishirini za kusimama mbele ya watu. Nauli ya shule, tangazo la gwarideni, matumaini ya kuhitimu, vyote vilifungwa kwenye dakika hizo. Sasa zimeondoka, na swali lililobaki ni kama kuna kitu kingine Dar es Salaam kinachostahili pesa zako. Hilo ni swali zuri, lakini katika barua yako limechanganyika na maswali mengine ambayo hayafanani nalo. Tuyatenganishe.

Tuanze na maana ya kukataliwa. Chukua kongamano la siku tatu lenye kumbi nne za vikao sambamba. Ukitoa ufunguzi, hotuba elekezi na ufungaji, katika kila ukumbi hubaki kama vikao sita vya dakika tisini, na kila kikao huchukua wawasilishaji wanne. Hizo ni nafasi 96. Zikija ikisiri 200, zaidi ya nusu zitaachwa hata kama zote ni nzuri. Aliyeisoma yako hakuiona orodha yako wala hakuwasikia wazee wa Ngomeni. Alikuwa na maneno 300 tu mbele yake, na pengine ikisiri nyingine thelathini za kumaliza jioni hiyo. Huamua kwa kutafuta vitu vichache: tatizo ni lipi, data imetoka wapi, imekusanywaje, inasomwa kwa nadharia gani, na imegundulika nini. Kimoja kikikosekana, alama hushuka.

Hukuniletea ikisiri yenyewe, kwa hiyo nitasema juu ya kichwa chake tu. Pwani ya Kenya inaanzia Vanga hadi Kiunga. Ndani yake mna Kivumba, Kimvita, Kiamu, Kitikuu na vingine, na kila kimoja kina wavuvi wake. Wewe una fuo tatu za kaunti moja. Msomaji mzoefu akiona kichwa kipana hivyo hudhani data ni chache au haipo. Na yale maneno "Changamoto na Mustakabali" yanaweza kubandikwa kwenye mada yoyote ile, hayamwambii ulichokipata. Jaribu kukiandika hivi, hata kama ni kwa ajili yako mwenyewe: "Majina ya Mitego, Pepo na Maji kwa Wavuvi wa Takaungu, Mayungu na Ngomeni: Tofauti za Umri". Kisha yagawe maneno 300 kwa ukali: kama 50 kwa tatizo, 80 kwa data na mbinu, 40 kwa nadharia, 100 kwa matokeo na 30 za mwisho kwa umuhimu wake. Matokeo ndiyo yapewe nafasi kubwa, na yawe na tarakimu. Kati ya maneno arobaini ya pepo na maji, wavuvi wasiofika miaka thelathini waliyatambua mangapi? Umri wa kila msemaji unao daftarini, basi kama vijana nao uliwauliza, jibu unalo. Kama ikisiri yako ilisema "utafiti huu unakusudia kuchunguza" na ikaishia hapo, huenda wahakiki waliona ni pendekezo la utafiti, ilhali kazi umeshaifanya.

Sisemi hiyo ndiyo sababu. Huenda mada yako haikuingia katika mada ndogo zilizotangazwa, au wavuvi walitokea katika ikisiri nyingine tatu na kamati ikachukua moja. Njia ya kujua ni kuuliza. Mwandikie katibu wa kamati barua fupi, isiyozidi sentensi tano. Mshukuru kwa majibu. Omba maoni ya wahakiki kama yanaweza kutolewa, ukieleza kuwa yatakusaidia kuandika upya. Sema kuwa makala yako iko tayari, na uko radhi kuwasilisha iwapo nafasi itatokea, au kuonyesha kazi yako kwa bango, au kuwa mwandishi wa kumbukumbu wa kikao. Usiombe wabadili uamuzi, usimtume msimamizi akakusemee, na usimtaje rafiki yako hata kidogo.

Ombi hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Waliokubaliwa hawafiki wote: mmoja hukosa nauli, mwingine hunyimwa ruhusa kazini. Siku yenyewe vikao hubaki na pengo, na mwenyekiti hutafuta mtu aliye ukumbini mwenye makala mkononi. Ila usikope kwa kutegemea pengo hilo. Ukienda, nenda kwa sababu itakayosimama hata lisipotokea.

Sasa hili la kuhitimu, maana naona ndilo linalokusukuma zaidi na ndilo lisilo na uhakika. Vyuo vingi vya Kenya humtaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala katika jarida linalohakikiwa. Kuwasilisha kongamanoni ni jambo jingine. Huenda msimamizi wako aliyasema yote mawili kwa mkupuo. Tafuta kanuni za chuo chako, uisome ibara yenyewe. Ikiwa kinachotakiwa ni kuchapisha, basi shilingi 38,000 hazinunui sharti hilo, na wiki hiyo ya Julai ungeweza kuitumia kuandika. Yako majarida ya kuyatazama: Kiswahili na Mulika, yote ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kioo cha Lugha, na Swahili Forum linalosomwa bure mtandaoni. Soma mwongozo wa kila moja kabla ya kuandika, tuma kwa moja tu kwa wakati mmoja, na ujue kwamba uhakiki huchukua miezi. Lakini nisikufiche: makongamano mengi huchapa kitabu cha makala zilizowasilishwa, na mlango huo msikilizaji haupati. Hiyo ni hasara ya kweli.

Kuhusu pesa, hesabu yako ni safi, ila naona imepigwa kama vile wewe ni mwalimu peke yake. Wewe pia ni mwanafunzi. Umetazama kama kuna ada ya wanafunzi? Mara nyingi huwa nusu, na huhitaji kitambulisho cha chuo au barua ya idara. Ikiwa ni dola 40, ada inashuka hadi shilingi 5,150. Ukigawana chumba, malazi yanakuwa 7,000. Jumla inafika 25,850, na pengo lako linabaki 10,850 badala ya 23,000. Uliza pia kama chai na chakula cha mchana vimo ndani ya ada, kwa sababu mara nyingi vimo. Uliza vilevile kama kuna kushiriki kwa mtandao na kwa bei gani. Kwa mtandao utasikia mawasilisho, lakini mazungumzo ya wakati wa chai hutayapata, nayo ndiyo yanayowafaa zaidi wasiowasilisha.

Kwa mwalimu mkuu, labda mlango haujafungwa kama unavyodhani. Alikataa kulipia msikilizaji. Je, angekataa kulipia nusu ya nauli ya mwalimu atakayerudi na ripoti ya kurasa mbili na kuongoza kikao cha idara ya Kiswahili? Mpelekee karatasi, usiende na maneno matupu. Na kama ruhusa yake unayo, kumbuka kuwa kibali cha TSC, tume inayowaajiri walimu, cha kutoka nje ya nchi ni jambo jingine, ulizia mapema. Wanafunzi waliosikia tangazo gwarideni nao waambie ukweli kwa sentensi moja, kwamba makala haikuchaguliwa safari hii. Siku moja nao watatuma kitu na hakitachaguliwa.

Nije kwa rafiki yako. Unasema ukibaki ataona una wivu. Amewahi kukuonyesha dalili ya kufikiri hivyo, au ni wewe unayejihukumu kwa niaba yake? Nafasi yake hakuichukua kwako, maana mada zenu ni mbali. Linalouma, nadhani, ni kwamba jicho lako liliweza kunyoosha kazi ya mwenzako na hapakuwa na jicho la pili la kunyoosha yako. Hilo laweza kuzungumzwa. Kabla ya kuamua habari ya chumba, mwambie: "Nimefurahi kwa ajili yako, na bado nina uchungu kwa ajili yangu, nipe nafasi kidogo." Akilipokea vizuri, safari ya pamoja itakuwa nyepesi. Ukiona huwezi kulisema, basi kulala chumba kimoja na mtu anayefanya mazoezi ya wasilisho lake usiku wa kuamkia siku yake kunaweza kukugharimu kuliko zile 7,000.

Mama anakulindia heshima, na mumeo analinda nyumba. Wote wawili wasikilize. Kuhusu beji, wengi wa watakaokuwa ukumbini hawatajua kama ulituma au hukutuma, na wanaojua nao wamewahi kukataliwa. Ila deni la chama litaingia jikoni mwenu wote wawili, kwa hiyo mumeo apewe hesabu mpya, hiyo ya 25,850, na aambiwe wazi unachokwenda kukifanya.

Na utakwenda kufanya nini? Hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Ratiba hutoka siku kadhaa kabla. Chagua mawasilisho machache yanayogusa leksikografia, yaani utungaji wa kamusi, na lahaja. Waandikie wawili au watatu mapema, uombe dakika kumi na tano wakati wa chai ya siku ya pili. Siku ya kwanza huliwa na itifaki na picha. Beba ukurasa mmoja wenye maneno ishirini tu, maana yake na ufuo wake. Orodha nzima usimpe mtu kabla hujachapisha. Ukumbini uliza swali moja fupi, ukitaja jina na chuo chako kwanza, ili wanaofanya kazi kama yako wajue pa kukupata.

Halafu kuna jambo la utafiti wenyewe. Ule mtego mnaouita lema huko Kilifi, wavuvi wengi wa Tanzania huuita dema. Dar es Salaam kuna soko la samaki la Feri na kuna ufuo wa wavuvi wa Kunduchi. Asubuhi moja ya kusikiliza huko inaweza kukupa wazo la sura ya ulinganishi ambayo hukuwa nayo. Jihadhari tu: leseni yako ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, inaishia mpakani. Kuzungumza na kununua samaki hakuna shida, lakini kurekodi watu na kuwaweka ndani ya tasnifu kunahitaji kibali cha COSTECH, tume kama hiyo ya Tanzania, na hicho hakipatikani kwa siku mbili.

Hatari ya kwenda ni hiyo ya kukaa nyuma siku tatu, kusikiliza kila kitu, na kurudi na mkoba na cheti cha ushiriki huku deni likisubiri. Wanaokwenda bila mpango wa siku kwa siku ndio hurudi hivyo. Kubaki nako kuna hatari yake. Watu husema watabaki waandike makala, kisha wiki inaliwa na mitihani ya kusahihisha na wageni. Ukibaki, zifunge siku hizohizo tatu kwa jambo la uhakika: omba nafasi kwenye semina ya idara yako chuoni, au nenda Takaungu ukawasomee wanachama wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, orodha yao wakukosoe. Hao ni wahakiki ambao kamati yoyote ya kongamano ingewaonea gere.

Jiulize hivi: kama tangu mwanzo ungealikwa usikilize tu, bila kutuma chochote, ungetoa 25,850? Na jibu hilo linabadilika ukiondoa macho ya watu, au linabaki vilevile? Sitakujibia. Wewe ndiwe unayeujua uzito wa karo ya Septemba na uzito wa kukaa meza moja na watu wanaojali maneno unayoyajali.

Una wiki mbili, basi barua kwa katibu itoke leo, na swali la ada ya wanafunzi liwe ndani ya barua hiyohiyo. Hata kabla hujaamua, angalia pasipoti yako; kama huna, ulizia hati ya muda ya kusafiria, kwani kitambulisho cha taifa pekee hakikutoshi kuingia Tanzania. Tazama pia kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa pale mpakani Horohoro unaweza kuombwa. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa, na ukishachomwa mara moja kadi hiyo ni ya maisha. Ukiipata sasa na usiende Julai, itakufaa mwaka mwingine wowote.